Fleetwood Mac ni bendi moja au bendi mbili? Tuanzie kwa Peter Green

Jumapili moja mpwa wangu kanikuta nasikiliza Albatross, ile ngoma isiyo na neno hata moja, gitaa linaelea tu kama ndege baharini, akaniuliza mjomba hii ya nani, nikamwambia Fleetwood Mac. Akakataa katakata. Hapana mjomba, Fleetwood Mac ni wale wa Dreams, yule mama mwenye sauti ya mikwaruzo, wale Wamarekani. Akatoa simu kabisa akanionyesha. Na dogo hakukosea, wale aliowaonyesha ni Fleetwood Mac kweli. Ila na mimi sikukosea.

Huu mkanganyiko upo kila mahali, hasa tangu mwaka 2020 pale jamaa mmoja wa Idaho alipojirekodi anateleza barabarani juu ya ubao wa magurudumu huku anakunywa juisi na Dreams inapiga nyuma yake, video ikazunguka dunia nzima na wimbo wa mwaka 1977 ukarudi kwenye chati. Watoto wa sasa wameingia kwa mlango huo, sisi wengine tuliingia kwa mlango wa bluzi, tukikutana sebuleni tunabishana kama tunaongelea watu wawili tofauti. Basi leo nataka nilifungue hili fundo taratibu, maana ndani yake kuna mtu mmoja, Peter Green, ambaye naona anasahaulika na inaniuma sana.

Kwanza maneno yenyewe. Bluzi ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, Mississippi na majimbo ya jirani, watoto na wajukuu wa watumwa waliokuwa wanalima pamba. Ukitaka kuuelewa muundo wake mkumbuke mtu anayemlalamikia jirani shida zake: anasema jambo, anarudia lilelile kwa uchungu zaidi, kisha anatoa neno la kufunga. Mstari wa kwanza, mstari uleule tena, halafu jibu. Chini yake gitaa linazunguka kwenye kodi tatu tu (chords, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na mzunguko mmoja una vipimo 12 vya mdundo, basi, unaanza upya. Watu wakaubeba muziki huu wakahama nao kwenda kutafuta kazi viwandani Chicago, na huko mjini penye kelele ikabidi gitaa lichomekwe kwenye umeme. Hilo gitaa la umeme la Chicago ndo lililovuka bahari kwenye santuri mpaka Uingereza, likawaangukia vijana wa kizungu waliozaliwa wakati wa vita ya pili au mara tu baada yake, wakachanganyikiwa nalo. Walipoanza kuupiga wenyewe kwa sauti kubwa zaidi na solo ndefu zaidi, ndo kikazaliwa kitu kinachoitwa bluzi roki.

Pale London kulikuwa na mzee wao mmoja, John Mayall, na bendi yake ya Bluesbreakers. Mzee kwa kulinganisha tu, alikuwa na miaka thelathini na kitu lakini waliobaki walikuwa vijana wadogo kabisa. Hii bendi ilikuwa kama gereji ya fundi mkubwa: vijana wanaingia, wanashika spana, wanaiva, wanaondoka kufungua za kwao. Mpiga gitaa Eric Clapton alipita pale akaenda kuanzisha bendi ya Cream, Mick Taylor alipita pale akaenda Rolling Stones. Na Clapton alipoondoka mwaka 1966 aliyekuja kuziba pengo ni kijana wa Bethnal Green, mashariki mwa London, familia ya Kiyahudi, jina la kuzaliwa Peter Greenbaum, yeye akalikata akabaki Peter Green. Alikuwa hajafikisha miaka 20. Hebu fikiria presha hiyo, unaingia sehemu ya mtu ambaye mashabiki wanamwona kama nabii wa gitaa, wanakuangalia vidole tu wakisubiri ukosee. Hakukosea. Tafuta kipande kinaitwa The Supernatural kwenye albamu ya Mayall ya mwaka 1967, kuna sehemu anashika noti moja na kuiacha ilie yenyewe, haongezi kitu, wewe msikilizaji unabana pumzi mpaka aiachie. Mimi nimesikia wapiga gitaa wengi wenye kasi kuliko yeye, sijasikia mwenye subira kama ile.

Sasa tusogee taratibu hapa, maana kila kitu kilichofuata kinaanzia hapa.

Mayall alimpa Green zawadi ya muda wa bure studio akarekodi anachotaka. Green akawachukua wenzake wawili: Mick Fleetwood wa drams, jamaa mrefu kweli kweli ambaye alikaa kwa Mayall wiki chache tu akafukuzwa kwa ulevi, na John McVie wa besi, ambaye alikuwa kwa Mayall miaka. Wakarekodi ngoma kadhaa, mojawapo haikuwa na maneno, na Green akaipa jina kwa kuunganisha majina ya hao wawili waliokuwa nyuma yake: Fleetwood na Mac, kifupi cha McVie. Baadae mwaka huohuo 1967 alipoamua kuanzisha bendi yake akalichukua jina hilohilo.

Kwa hiyo hakuna mtu anaitwa Fleetwood Mac, na hilo nalisema maana nimeshasikia watu wanauliza Fleetwood Mac bado yupo hai. Ni mpiga drams na mpiga besi. Mkali wa gitaa, mtunzi, muimbaji, yule ambaye watu walikuwa wanalipa kiingilio kwa ajili yake, hakujiweka kwenye kibao. Ni sawa na fundi bingwa anafungua gereji yake halafu juu ya mlango anaandika majina ya vijana wawili wanaomshikia jeki. Na mmoja wao hata hajakubali kuja kazini! Kweli kabisa, McVie alisita, kwa Mayall kulikuwa na mshahara wa uhakika, na bendi ilipopanda jukwaani mara ya kwanza kwenye tamasha la Windsor tarehe 13 Agosti 1967 besi alipiga Bob Brunning kwa kushikilia nafasi tu. Wiki kadhaa baadae McVie akaona Mayall anazidi kuingiza wapuliza saksafoni na muziki unaelekea kwenye jazi, akahamia kwa wenzake. Yaani jina lilimtangulia yeye mwenyewe kwenye bendi.

Green alishaona mbali, alihisi kwamba siku moja yeye ataondoka na wale wawili watahitaji mahali pa kusimama, kwa hiyo akawaachia jina mapema. Shika hilo jambo vizuri, tutalirudia.

Gitaa la pili alikuwa Jeremy Spencer, kijana mfupi aliyekuwa amezama kwa mpiga bluzi Elmore James mpaka basi, anavaa kibomba kidoleni anakitelezesha kwenye nyuzi, gitaa linalia kama king'ora. Albamu ya kwanza ikatoka Februari 1968 ikafika namba 4 Uingereza, kitu kikubwa sana kwa bluzi tupu isiyo na wimbo wa redio. Na hapa kuna mtego mwingine: bendi hii ina albamu mbili zenye jina Fleetwood Mac, ya 1968 na ya 1975, na ukizisikiliza mfululizo utaapa ni watu tofauti. Watu wakitaka kutofautisha ile ya mwanzo wanaiita Peter Green's Fleetwood Mac.

Watu wanapenda kuuliza sauti ya gitaa la Green ilitoka wapi, maana ina kitu cha ajabu, nyembamba, kama inatokea chumba cha pili. Jibu moja ni vidole na moyo wake, lakini la pili ni la kifundi na ni rahisi kulielewa. Gitaa lake, Gibson Les Paul ya mwaka 1959, lina vinasa sauti viwili chini ya nyuzi, kila kimoja kina sumaku, na sumaku ya kimoja ilikaa kinyume. Kama ulishawahi kufunga spika mbili za redio nyumbani ukageuza nyaya za moja, nyekundu ukaweka penye nyeusi, unajua kinachotokea: zile spika zinagombana zenyewe kwa zenyewe, besi inapotea, sauti inabaki hewani. Ndo hivyohivyo, akiviwasha vyote viwili kwa pamoja vinakatana na kinachobaki ni ile sauti ya mtu anayelia pembeni. Wengine wangepeleka kwa fundi kurekebisha, yeye akaacha hivyo.

Agosti 1968 akaongezwa gitaa la tatu, Danny Kirwan, miaka 18, na mwezi Oktoba wakarekodi Albatross. Ukiisikiliza na earphone usiku utaona Mick hapigi kwa vijiti vya kawaida, anatumia vile vyenye vichwa laini, kwa hiyo ngoma haigongi, inavimba na kushuka kama wimbi, McVie anatembea chini polepole, na magitaa mawili ya Green na Kirwan yanapeana nafasi. Ikafika namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1969. George Harrison mwenyewe alikubali kwamba Sun King ya Beatles ilianzia kwenye kutaka kufanya kitu kama Albatross.

Kuna wanaosema hawa vijana waliwaibia weusi muziki wao. Hili swali ni la haki na halina jibu la neno moja. Ni kweli vijana wa London walipata pesa na majukwaa ambayo wenye bluzi yao hawakuwahi kuyaona, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini kwa hii bendi angalia pia walichofanya: mwaka 1968 Green, McVie na Mick walimpigia mwanabluzi Eddie Boyd albamu yake nzima, Januari 1969 bendi ikaenda Chicago kwenye studio za Chess ikarekodi na wenyewe, Otis Spann kwenye piano, Willie Dixon kwenye besi kubwa ya mbao, Buddy Guy, Honeyboy Edwards, kisha Green, Kirwan na McVie wakampigia Spann albamu yake. Kwenye zile rekodi za Chicago Green hajitangulizi, anasubiri wakubwa wamalize kusema. Na B.B. King, gwiji wa bluzi mwenyewe, alisema Green alikuwa na sauti tamu kuliko zote alizowahi kusikia.

Uongo mwingine mkubwa ni Black Magic Woman. Muulize yeyote atakwambia wimbo huo ni wa mpiga gitaa Santana. Aliyeitunga ni Peter Green, ilitoka kama singo ya Fleetwood Mac mwaka 1968 ikaishia namba 37 Uingereza, ikapita kimya. Santana akaichukua mwaka 1970 akaiwekea tumba na moto wa Kilatini ikafika namba 4 Marekani. Sisemi ya Santana ni mbaya, naipenda sana, ila mtunzi apewe lake.

Halafu ukaja mwaka 1970. Green alishaanza kubadilika, alivaa majoho meupe jukwaani, msalaba kifuani, akawaambia wenzake pesa wanazopata wazigawe kwa wenye njaa. Wenzake hawakuwa tayari. Mwezi Machi wakiwa Munich akaenda na watu wa nyumba moja ya wapenda mihadarati, akatumia LSD, na wenzake kwa miaka yote wamesema aliyerudi asubuhi hakuwa yuleyule. Hapa nataka tuwe waangalifu. Hadithi ya usiku mmoja ulioharibu kichwa cha mtu ni tamu kusimulia, lakini Green alikuwa na dalili za kuelemewa kabla ya Munich, zisikilize nyimbo zake za 1969, Man of the World hasa, pale mtu anaorodhesha mema yake kisha anasema natamani nisingezaliwa. Huyo hakuwa anatunga kwa kujifurahisha. Mei 1970 akaondoka kwenye bendi, baadae akagundulika na skizofrenia, ugonjwa wa akili, akalazwa, akapigwa shoti za umeme kichwani kama tiba, akapotea kwenye muziki miaka. Ule ni ugonjwa, na unanikera kila nikisoma mtu anauandika kama kituko cha msanii.

Aliyefuata ni Spencer. Februari 1971 wakiwa Los Angeles aliaga anaenda duka la vitabu, hakurudi, polisi wakatafuta, siku kadhaa baadae akapatikana kwenye kundi la dini la Children of God, kanyolewa nywele, hataki tena bendi. Kirwan yeye alifika mwisho 1972, pombe imemzidi, usiku mmoja kabla ya shoo akalivunja gitaa lake ukutani akagoma kupanda, akafukuzwa. Alikuwa na miaka 22. Baadae aliishi kwenye hosteli za wasio na makazi London, akafariki 2018. Wapiga gitaa watatu, miaka miwili na kidogo, wote wamekwenda.

Bendi yoyote ingekufa hapo. Sasa rudi kwenye kile kibao juu ya mlango. Walioondoka wote hawakuwa na majina yao pale. Wenye majina, Fleetwood na Mac, walikuwa bado wamekaa kwenye viti vyao, kwa hiyo kila mtu mpya akiingia anaikuta Fleetwood Mac ipo. Mke wa McVie, Christine, mpiga kinanda na muimbaji mzuri aliyetokea bendi nyingine ya bluzi ya Uingereza iitwayo Chicken Shack, aliingia 1970. Bob Welch wa California akaja 1971. Bluzi ikaanza kulainika taratibu. Miaka hii ya kati ina albamu nzuri nzuri lakini sitakaa hapo, tunarukia kituko cha 1974.

Mwishoni mwa 1973 ziara yao Marekani ilivunjika kwa sababu mpiga gitaa mwingine aliyeitwa Bob Weston alikuwa na uhusiano na mke wa Mick. Meneja wao akadai jina la bendi ni mali yake, akakusanya wanamuziki wengine kabisa akawapeleka Marekani kupiga shoo kama Fleetwood Mac. Hakuna Mick, hakuna McVie, hakuna yeyote! Watu walionunua tiketi wakakuta sura wasizozijua, wale wanamuziki nao walisema waliambiwa Mick atakuja kuungana nao. Kesi ikaenda mahakamani ikachukua miaka mpaka kumalizwa kwa makubaliano. Kwa hiyo mtu akikwambia kulikuwa na Fleetwood Mac feki, hakudanganyi, ila usiichanganye na ile ya Stevie Nicks, yule mama wa Dreams, hiyo ni halali kabisa. Na kesi hiyo ndo sababu moja iliyowafanya wahamie Los Angeles mwaka 1974, wakapigane karibu.

Huko Mick akawa anatafuta studio. Fundi mitambo wa Sound City, Keith Olsen, akamwekea wimbo mmoja ili tu asikie ubora wa studio, Mick akauliza huyo mpiga gitaa nani. Ni Lindsey Buckingham, na Buckingham akasema siji bila mpenzi wangu, Stevie Nicks. Wakachukuliwa wote wawili. Albamu ya 1975 ikapanda polepole mpaka namba moja Marekani, kisha Februari 1977 Rumours, iliyorekodiwa huku ndoa ya McVie na Christine inavunjika, Buckingham na Nicks wanaachana, na ndoa ya Mick inayumba. Wiki 31 namba moja Marekani, nakala zaidi ya milioni 40 duniani. Hiyo ndo bendi ya mpwa wangu: Waingereza watatu na Wamarekani wawili, kwa hiyo hata kuiita ya Kimarekani bado si sahihi.

Sasa je, ni bendi moja? Nilimwambia dogo weka Dreams, usimsikilize mama, sikiliza chini. McVie anapiga noti mbili tu karibu wimbo mzima, mbele nyuma, mbele nyuma, na Mick haongezi pambo lolote. Hiyo ni adabu ya bluzi. Mtu aliyekaa miaka nyuma ya Green anajua kwamba kazi yake ni kuacha nafasi ili mwenye uchungu aseme. Kisha nikamrudishia Albatross. Singo pekee ya bendi hii kufika namba moja Uingereza ni Albatross, singo pekee kufika namba moja Marekani ni Dreams, na watu wawili tu ndo wamo kwenye zote mbili, wale ambao majina yao Green aliyaandika. Dogo akanyamaza kidogo, akasema rudia tena mjomba.

Green alirudi jukwaani miaka ya tisini na bendi yake ya Splinter Group, vidole vizito zaidi lakini sauti ni yake. Mwaka 1998 Fleetwood Mac walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, yeye alikuwepo, na Santana naye aliingizwa usiku uleule, kwa hiyo Green akapanda kupiga Black Magic Woman na Santana, siyo na bendi aliyoianzisha. Lile gitaa lenye sumaku ya kinyume alishaliuza zamani kwa mpiga gitaa mwenzake Gary Moore, baadae likafika kwa Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica. Tarehe 25 Februari 2020 Mick Fleetwood akaandaa usiku wa kumuenzi pale London Palladium, Jeremy Spencer akaja, Hammett akaja na gitaa lenyewe akapiga The Green Manalishi, wimbo wa Green mwenyewe. Peter hakwenda. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo akafariki usingizini, miaka 73.